Tundu la Kupumulia

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini sikulelewa kuanza maneno na mkubwa bila salamu, na wewe ndiye uliyenilea hivyo, kwa hiyo usinishangae.

Ni Ijumaa mchana. Baba Tabita yuko kazini, Joeli yuko shule, na mimi nimekaa kwenye cherehani bila kushona. Mbele yangu kuna sare za kijani za shule ya bara, zimebaki vifungo tu. Boti ya kuvuka kwenda Nyamisati, bara, inaondoka kesho asubuhi. Tabita ana nafasi ndani yake, na ana kitanda kinachomsubiri bwenini, kwenye shule yenye kitengo cha watoto wanaochelewa kuelewa. Baba yake amesema niamue mimi kama anakwenda au haendi, na akirudi jioni anataka jibu. Miaka yote hii nimemnung'unikia kwamba anaamua peke yake. Leo kaniachia, nami natamani angeamua yeye. Nimewaza nani wa kumuuliza, nikaona wote wanaonijia kichwani ni wewe.

Kwanza habari za kwako. Kaburi lako ni safi. Bi Zuhura, jirani yetu aliyekufundisha kula pweza huku umefumba macho, ndiye anayenikumbusha kwenda kupalilia. Anasema si vizuri mgeni kulalia majani. Mpaka leo kwake wewe ni mgeni, na huku ugenini wamekutunza kuliko ambavyo wengine wangekutunza kwetu Njombe. Nilikuhurumia sana siku ile kwa kukuzika mbali na baridi yako, lakini bahari ilikuwa imechafuka na wewe mwenyewe ulishasema tukuzike utakapoangukia. Vijana wa mtaani, ambao hawajawahi kukanyaga kanisani, ndio waliochimba. Wake zao walipika, na kila kitu kilitiwa nazi. Nilicheka nikiwa katikati ya kulia, kwa sababu nilikumbuka ulivyokuwa unasema watu wa Mafia wakiachiwa watatia nazi hata kwenye dawa ya malaria.

Jeneza lako alilitengeneza Fundi Shomari, yule wa vitanda na milango mwenye karakana nyuma ya nyumba yetu. Wenzetu hapa hawazikwi na sanduku. Jeneza lao ni la msikiti, linampeleka maiti na kurudi, mwenyewe anabaki na sanda yake. Kwa hiyo Fundi hakuwahi kutengeneza la kwenda nalo moja kwa moja. Alikuja na futi yake, akasimama mlangoni, akakuomba radhi wewe uliyelala kabla hajakupima. Jina lako alilipaka kwenye mfuniko kwa rangi ya bluu iliyobaki kwenye milango ya mtu. Tabita alishinda kwake siku nzima ile, kwa sababu nyumbani hakukuwa na wa kumwangalia, na kule alikuwa ametulia, anaokota maranda. Nilimshukuru Mungu kwamba ametulia. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Sasa yeye. Mama, amekuwa mrefu, ananifikia begani. Ametimiza miaka kumi na mitatu, mwili umeshakuwa wa msichana, akili iko palepale ulipoiacha. Kusoma bado. Kuhesabu anafika tano, anaruka, anarudi mbili. Alipoanza kuona siku zake alilia akidhani amejikata, na mpaka leo kila mwezi namweleza upya. Pale sokoni Kilindoni kuna vijana wa bodaboda wanamwita mchumba, naye anawachekea. Hilo ndilo linaloniamsha alfajiri kabla ya adhana. Mtu wa nje akimpa neno tamu anamfuata kama kifaranga. Sisi wazazi wake tukimwambia vaa viatu, kimoja anakitupa chooni.

Ulipoondoka ndiyo alizidi. Darasani alikuwa anatoka anapotaka, mwalimu akachoka kumfukuzia. Watu wazima wa mtaa mzima aliwanyima salamu, akiambiwa amkia anageuka na kuwapa mgongo, na wewe unajua huku mtoto asiyeamkia ni aibu ya mama yake. Jumapili moja alikalia kapu la sadaka akagoma kuinuka, mwinjilisti ikabidi apitishe kofia yake mwenyewe. Watu walicheka, Baba Tabita hakucheka. Mimi nilitazama dari.

Nilijaribu njia zako. Nilikuwa nakuona ukifagia uwanja vibaya makusudi, unaacha majani katikati, unalalamika mgongo, mpaka Tabita anakunyang'anya ufagio na kukuambia, "Hujui wewe, mke mwenzangu, kaa chini." Nami nikafagia vibaya. Aliniangalia, akaingia ndani, akalala. Nadhani alijua naigiza. Wewe mgongo ulikuuma kweli.

Na ile kanuni ya mezani bado tunayo, au niseme tulikuwa nayo mpaka juzi. Kila mtoto aseme mstari wake wa Biblia kabla ya kula. Joeli anaumwaga kama maji, tena anaongeza na wa ziada ili kujionyesha. Tabita anasimama, anafungua mdomo, neno la kwanza linatoka, la pili halitoki, kisha hasira ndiyo inatoka, na sahani inafuata. Baba Tabita si mtu mbaya, wewe mwenyewe ulinambia hivyo, ingawa ulinambia ukiwa umekunja uso. Anaogopa. Ni mzee wa kanisa kwenye kisiwa ambacho Wakristo tunajuana kwa majina, na anaona macho yote yanasoma nyumba yetu. Ule mstari wa fimbo anaujua kwa moyo, na hajawahi kuupenda.

Unaukumbuka ugomvi wenu? Alikuwa amemwondolea Tabita sahani kwa kukosa mstari, nawe ukasukuma yako mbele ya mtoto. Ukasema, "Mkwe, huyu hakatai. Hajui pa kuanzia." Akakujibu kwa heshima, lakini sauti ilikuwa imepanda, "Mama, ndani ya nyumba hii tusibishane mbele ya watoto." Nawe ukamwambia, "Basi watoe watoto, tubishane vizuri." Jikoni tulicheka mpaka ukakohoa. Tabita alibaki mezani katikati ya viti vyenu viwili, ameshika wali mkononi, hali. Wiki ileile presha ikakuchukua. Wakubwa tulijua ni presha.

Nafasi ya shule ilipopatikana, tulifunga na kuomba, sisi na akina mama wa umoja wetu. Tuliomba aende salama, na tukaomba ukaidi umtoke kabla hajafika kwa watu wasiomjua. Baba Tabita akaenda kwa Fundi Shomari kuagiza sanduku la bweni. Alitaka kubwa, la kuingia godoro likiwa limekunjwa, lenye mfuniko wa kufuli, na jina lipakwe juu ili lisiibwe. Fundi akamwita Tabita, akamsimamisha kando ya mbao kwa utani, akamwambia, "Njoo nikuone urefu, hili lako wewe."

Kuanzia wiki hiyo, Mama, mtoto alibadilika.

Aliamka bila kuitwa. Alivaa viatu vyote viwili. Alimwamkia Bi Zuhura, akamwamkia mumewe, akamwamkia muuza samaki, akawaamkia na mbuzi wa watu njiani. Mezani alisimama, akasema neno lake la kwanza, akakwama, na badala ya kurusha sahani akasema, "Nisamehe Baba," akasubiri. Baba Tabita machozi yalimlenga. Mtaa mzima ukanipongeza. Bi Zuhura akasema, "Maombi yenu yamepokewa, shoga angu," na akaniletea mkate wa kumimina.

Mimi nilikula ule mkate nikiwa na hofu. Sikuwa na sababu ya kuitaja. Mama gani anaogopa mtoto wake akitii? Lakini nilikuwa namwona anavyokaa, mikono juu ya magoti, anatufuata kwa macho kila tunapopita. Usiku alikuwa hageuki kitandani. Nilimwambia mume wangu kwamba huyu mtoto kama anaumwa, akanijibu kwamba nimezoea shida mpaka neema inanitisha. Nikanyamaza, kwa sababu huenda ilikuwa kweli.

Jumapili iliyopita Baba Tabita akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Alisema Mungu amevunja roho ya ukaidi nyumbani kwake. Akamwita Tabita mbele. Tabita akaenda, akapiga magoti bila kuambiwa, watu wakapiga vigelegele. Akina mama wenzangu walinigeukia wakitaka nami nisimame, nikajifanya natafuta leso kwenye mkoba.

Jumatano, baada ya sala ya alasiri, Fundi Shomari akaja. Nilimkaribisha kiti, akakataa kukaa. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mama Tabita," akasema, "mie nna jambo limenikaa rohoni. Mwanao kaja kwangu jana, na leo kaja tena. Ananiomba nimwachie tundu kwenye lile sanduku. Nikamuuliza, tundu la nini, mjukuu wangu? Kanambia la kupumulia."

Nilisikia, Mama, lakini maneno hayakuingia.

"Nikadhani mchezo wa kitoto," akaendelea. "Akaingia ndani ya sanduku, akalala chali, akafumba macho. Akanambia nitazame kama miguu inatosha. Mie nna wajukuu, Mama Tabita. Siwezi kulimaliza lile sanduku. Mtanisamehe."

Nilikwenda uani. Tabita alikuwa anaosha vyombo ambavyo hakuna aliyemtuma aoshe. Nilichuchumaa mbele yake, nikamuuliza nani kamwambia atawekwa kwenye sanduku. Akasema hakuna. Nikamuuliza sasa kwa nini anafikiri hivyo. Alisugua sufuria kwa muda mrefu, unajua anavyochelewa kupanga maneno, nami kwa mara ya kwanza sikumharakisha.

"Bibi alibishana na Baba," akasema.

Kisha akaniangalia usoni, akasema kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeomba asisikike. "Mimi nimeacha, Mama. Mwambie Baba nimeacha."

Nilikaa kwenye maji ya vyombo. Mama, mwanangu alikuwa anajua lini atazikwa, alishapimwa, alishasikia jina lake likiagizwa kwenye mfuniko, na hakumlilia mtu. Alikuwa anafanya adabu ili tumwonee huruma. Na alikuwa ameshajiandaa, ikiwa hatutamwonea huruma, aombe tundu tu. Sisi tulikuwa tunakula mkate wa kumimina.

Nilimweleza. Nilimwambia wewe ulikufa kwa ugonjwa, kwamba hakuna mtu anayezikwa kwa kubisha, kwamba lile sanduku ni la nguo na sabuni na sukari. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa, Mama."

Baba yake aliporudi nilimwambia hukohuko mlangoni, mkoba ukiwa bado begani. Alikwenda akaketi sakafuni karibu na mtoto, yule mwanamume ambaye hujawahi kumwona ameketi chini ndani ya nyumba, akamwambia, "Bibi yako hakuzikwa kwa sababu ya kubishana na mimi. Nilimpenda Bibi yako." Tabita akamjibu, "Sawa, Baba." Akamletea kandambili zake na kuziweka sawa mbele ya miguu yake. Basi hapo ndipo mume wangu akalia, na mtoto alipoona analia akaomba msamaha.

Jana Baba Tabita akanambia kwamba Jumapili atasimama tena kanisani, aseme alichokiona kuwa muujiza kilikuwa ni woga wa mtoto wake. Nilimwambia si lazima. Akasema ni lazima. Kisha akasema habari ya boti niamue mimi, yeye hajiamini tena.

Na hapa ndipo nilipo. Usidhani ni rahisi. Ile shule ni nzuri, Mama. Walimu wake wamesomea watoto kama hawa. Wanawafundisha kujisafisha, kushona, kujua noti, kusema hapana kwa mtu anayewashika. Wakimkosa kesho, kitanda atapewa mwingine, na sijui kama kuna kingine mwakani. Hapa mwalimu wa darasa lake ana watoto wengi na moyo mdogo. Na mimi si mtoto. Wewe ulikuwa mzima Jumatatu, na Alhamisi tulikuzika. Mimi nikianguka hivyo, nani atamweleza kila mwezi kwamba hajajikata? Joeli ataoa. Mke wake atamtaka dada wa namna hii? Haya ndiyo ninayoyageuza kichwani, na kila upande ninaoulalia unauma.

Lakini najaribu kumwona kesho bandarini. Nikimwambia panda, atapanda. Hatalia, hatang'ang'ania gauni langu, hatamrushia mtu kiatu. Atapanda akiwa anaamini anakokwenda ndiko ulikokwenda wewe, na atafanya adabu njia nzima. Na akifika kule atamtii kila mtu. Mwalimu mwema atamtii, na mlinzi wa usiku asiye mwema pia atamtii, kwa sababu sisi tumemfundisha kwamba anayebisha huwekwa kwenye sanduku. Zamani nilikuwa naogopa hawezi kukaa na watu kwa ukaidi wake. Sasa naogopa hana tena cha kujikinga nacho.

Hapana. Nimeandika mpaka hapa na mkono umeshajibu. Haendi kesho. Akirudi Baba Tabita nitamwambia hivyo. Asubuhi nitampigia mwalimu mkuu simu nimweleze ukweli wote, hata kama ni aibu, na nimwombe tuje likizo, mimi na yeye, tulale kule, aone vitanda, aone watoto wanaoingia na kutoka, aone kwamba kule watu wanarudi. Wakikataa, wamekataa. Nitaanza kutafuta upya, na najua nitakesha kwa wasiwasi. Lakini siwezi kumvusha maji akiwa amekufa moyoni.

Lile sanduku liko kwa Fundi, sijui tulifanyeje. Bi Zuhura anasema lichomwe. Fundi anasema mbao hazina kosa.

Kesho saa ambayo boti itakuwa inatoka, nitamleta kwako. Hatujawahi kumleta tangu siku ile, tuliogopa atafanya fujo makaburini. Aulize anachotaka. Akitaka kujua kama unapumua, nitamjibu ukweli, polepole, mara nyingi kama atakavyo. Wewe tuliza udongo wako, usimtishe.

Ananiita sasa hivi kutoka jikoni. Anauliza kama anaruhusiwa kunywa maji. Maji, Mama, kwenye nyumba ya kwao. Nimemwambia kunywa, akasema asante.

Pumzika, Mama yangu. Umechoka na sisi, najua, lakini bado wewe ndiye ninayekukimbilia. Sitamlazimisha salamu, sitamlazimisha mstari, wala sitakubali mtu amsifu kwa kunyamaza. Na siku atakaposimama mlangoni akanibishia mbele za watu, hata kama wageni wapo, hata kama mwinjilisti yupo, nakuahidi nitamwacha amalize.

Mwanao,
Mama Tabita